ALAMA 27 ZA ASKARI MTAKATIFU

Katika nyumba nyingi za Marekani na Ulaya, jioni za mwisho wa juma, watu wanne au watano huketi kuizunguka meza yenye karatasi, penseli na dadu za rangi mbalimbali. Hapana karata mezani, na aghalabu hapana hata ubao wa kusogezea kete. Mmoja wao husimulia kwamba msafara umefika mbele ya ngome iliyobomoka, na kwamba ndani yake waonekana mwanga wa mshumaa. Kisha huwauliza wenzake watafanya nini. Kila mmoja hujibu kwa niaba ya mtu wa kubuni aliyemwunda mwenyewe: huyu ni mwizi aliyetubu, yule ni mganga, na mwingine ni askari mtakatifu aliyekula kiapo cha kuwalinda wanyonge. Mchezo huo waitwa Dungeons & Dragons, jina lenye maana ya magereza ya chini ya ardhi na majoka, nao ulitimiza miaka 50 mwaka 2024.

Mchezo huu hauna mshindi kama bao au drafti. Wachezaji wote huwa upande mmoja, na linalotazamwa ni iwapo wahusika wao watatoka salama katika safari, na iwapo kazi waliyoahidi kuifanya wameitimiza. Hata hivyo, kabla safari haijaanza, kila mchezaji hana budi kufanya uamuzi utakaomfuata hadi mwisho, nao ni kuchagua uwezo wa mhusika wake. Katika wahusika wote wa mchezo, wachache humtaabisha mchezaji katika kuchagua kama askari mtakatifu, aitwaye paladini. Kazi zake ni nyingi: apigane mstari wa mbele, aponye majeruhi, afanye miujiza, awatie moyo wenzake. Lakini akiba anayopewa ya kununulia uwezo ni ile ile wapewayo wengine.

MCHEZO ULIOTOKA JESHINI

Huenda msomaji aliye katika jeshi au polisi akadhani kwamba mambo haya ni ya watoto. Asili ya mchezo yasema vingine. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, ili maofisa wajifunze kuongoza vikosi pasipo kumwaga damu. Baba yake ndiye aliyeuanzisha, naye mwana akautengeneza ufae jeshini. Palikuwa na mwamuzi aliyepokea amri za pande zote mbili, akatumia dadu kuamua yale ambayo katika vita hayawezi kujulikana mapema, kisha akawaeleza maofisa yale tu ambayo macho yao yangeweza kuyaona. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa maofisa wa makao makuu ya jeshi, aliusifu, na ukaenea katika vikosi.

Mwamuzi yule ndiye babu wa msimulizi wa leo. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, David Wesely aliendesha mchezo wa vita ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja badala ya kikosi kizima. Mwenzake Dave Arneson akalichukua wazo hilo akalipeleka katika nchi ya kubuni iitwayo Blackmoor. Nako Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa mwaka 1971 kanuni za vita vya enzi za mapanga, katika kitabu kiitwacho Chainmail. Gygax na Arneson walipounganisha kazi zao, Dungeons & Dragons ikachapishwa mwaka 1974 kwa nakala 1,000 za kwanza. Mwaka uliofuata, katika kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, paladini akaingia kundini.

ROLAND NA RAFIKI YAKE OLIVER

Neno paladini latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa jumba la mfalme. Katika hadithi za kale za Ufaransa, mapaladini ni mashujaa 12 wa mfalme Charlemagne, na aliye mashuhuri kuliko wote ni Roland. Katika historia, kikosi cha nyuma cha jeshi la Charlemagne kilishambuliwa na Wabaski katika milima ya Pyrenees mwaka 778, na Roland aliuawa hapo. Miaka mingi baadaye watungaji waliligeuza tukio hilo kuwa utenzi mrefu, na humo ndani Roland ana rafiki aitwaye Oliver. Oliver aona kwamba maadui ni wengi mno, naye amsihi Roland apige pembe ili mfalme arudi na jeshi kubwa. Roland aona ni aibu kuomba msaada, akataa. Akubalipo hatimaye kuipiga pembe, wenzake karibu wote wamekwisha kufa.

Utenzi huo wabeba swali ambalo kila mchezaji wa paladini hukutana nalo. Roland alikuwa na nguvu na ushujaa tele, na hekima ilikuwa kwa Oliver. Kupungukiwa hekima peke yake kusingekiangamiza kikosi, maadamu mwenye hekima alikuwa amesimama ubavuni pake. Kilichokiangamiza ni kwamba Roland hakumsikiliza.

Kutoka hadithi hizo, Mmarekani Poul Anderson aliandika riwaya iitwayo Three Hearts and Three Lions, iliyotoka kama kitabu mwaka 1961, ikimhusu mhandisi wa Kideni anayejikuta katika ulimwengu wa mashujaa wa Charlemagne. Riwaya hiyo ni miongoni mwa chimbuko la paladini wa mchezo. Yafaa ieleweke hapa kwamba utakatifu unaosemwa mezani si wa dini yoyote ya kweli. Miungu ya mchezo ni ya kubuni, kama yalivyo ya kubuni majoka yake.

ZAMANI DADU ILIKUWA MCHAGUZI

Kila mhusika hupimwa kwa nguzo sita. Ya kwanza ni Nguvu, yaani nguvu za misuli. Ya pili ni Wepesi wa mwili na mikono. Ya tatu ni Ustahimilivu, yaani uimara wa kuvumilia majeraha, njaa na ugonjwa. Ya nne ni Akili ya kujifunza na kukumbuka. Ya tano ni Hekima, yaani kuona na kupambanua mambo. Ya sita ni Haiba, ile nguvu ya nafsi imfanyayo mtu asikilizwe na kufuatwa.

Zamani mchezaji hakuwa na hiari kubwa. Njia ya awali ilikuwa kutupa dadu tatu za pande sita kwa kila nguzo na kuandika jumla, ambayo huwa kati ya 3 na 18. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliweka masharti kwa atakaye kuwa paladini: Nguvu isipungue 12, Akili 9, Hekima 13, Ustahimilivu 9, na Haiba 17. Sharti la Haiba peke yake lilikuwa kama mlima, kwani katika njia 216 ambazo dadu tatu zaweza kuanguka, ni 4 tu zitoazo 17 au 18. Ukiyapiga masharti yote matano kwa hesabu, utaona kwamba aliyetupa dadu kwa njia hiyo aliweza kumpata paladini takriban mara 1 katika 1,000. Mwaka 1979 kitabu cha wasimulizi kilitoa njia za kulegeza mambo, mojawapo ikiwa kutupa dadu nne na kuiacha iliyo ndogo, lakini hata hivyo paladini alibaki adimu.

Aliyempata alifungwa na sheria kali. Hakuruhusiwa kujilimbikizia mali, bali abaki na kiasi cha kumtosha kuishi. Alitoa fungu la kumi la mapato yake yote. Hakuweza kumiliki zaidi ya vifaa 10 vya ajabu. Na iwapo alitenda uovu kwa kujua na kwa kutaka, aliupoteza upaladini milele, akawa mpiganaji wa kawaida tu.

Masharti ya dadu yaliondolewa katika toleo la tatu la mwaka 2000, na ruhusa ya kuwa paladini, ambayo awali ilikuwa ya wanadamu peke yao, ikapewa jamii zote za mchezo. Tangu hapo, swali la kama bahati itamruhusu mtu limekwisha. Limebaki swali la namna gani atajiunda.

HESABU YA ALAMA 27

Katika toleo la tano la mwaka 2014, na katika marekebisho yake ya mwaka 2024, njia mojawapo iliyo ya haki kwa wote ni kununua. Kila nguzo huanza na 8, na kila mchezaji hupewa alama 27. Kuipandisha nguzo kutoka 8 hadi 13 hugharimu alama moja kwa kila hatua, jumla 5. Kuifikisha 14 hugharimu jumla ya 7, na kuifikisha 15 hugharimu 9. Hakuna ruhusa ya kununua zaidi ya 15. Baada ya kununua, asili ya mhusika humpa nyongeza: kwa kanuni za mwaka 2024, 2 katika nguzo moja na 1 katika nyingine, au 1 katika kila moja ya nguzo tatu.

Nambari ya nguzo yenyewe haitumiki sana mchezoni. Kinachotumika ni faida yake. Nguzo yenye 10 au 11 haina faida wala hasara. Yenye 12 au 13 hutoa faida ya 1, yenye 14 au 15 faida ya 2, na yenye 16 au 17 faida ya 3. Yenye 8 au 9 hutoa hasara ya 1. Mhusika ajaribupo jambo gumu, hutupwa dadu ya pande 20, na faida hiyo huongezwa. Kwa hiyo kila faida ya 1 ni uso mmoja wa dadu uliogeuzwa kutoka kushindwa ukawa kufaulu, nazo nyuso hizo zote ni 20.

Na tuwatazame sasa askari watatu, kila mmoja akiwa na alama zake 27.

Askari wa kwanza ni mpenda upanga. Amenunua Nguvu 15, Ustahimilivu 15, Wepesi 14 na Hekima 10. Akili na Haiba ameziacha na 8. Amechagua asili ya uanajeshi, ambayo kwa kanuni za mwaka 2024 huongeza Nguvu, Wepesi au Ustahimilivu. Nguvu yake imekuwa 17 na Ustahimilivu 16. Ni mtu wa kutisha.

Askari wa pili ni mpenda yote. Hakutaka kupungukiwa popote, akanunua 13 katika Nguvu, Haiba na Ustahimilivu, na 12 katika nguzo tatu zilizosalia. Hesabu yake yatimia 27 barabara. Amechagua asili ya ukabaila, ambayo huongeza Nguvu, Akili au Haiba, akaifikisha Nguvu 15 na Haiba 14.

Askari wa tatu ni mwenye kuchagua. Amenunua Nguvu 15, Haiba 15, Ustahimilivu 14 na Hekima 10. Wepesi na Akili ameziacha na 8. Naye pia ni wa ukabaila, hivyo Nguvu yake ni 17 na Haiba 16.

Msomaji aliye jeshini huenda akashangaa kwamba asili ya uanajeshi haimwongezei mtu Haiba hata chembe. Wengi waliowahi kuongozwa na sajini mwema wangeweza kuwaambia waandishi wa kitabu mambo mengine. Lakini kanuni ndivyo zilivyo, na paladini atokaye jeshini hana budi kuinunua Haiba yake yote kwa alama zake mwenyewe.

HAIBA NI NGAO YA WENZAKE

Ukiwapambanisha askari wa kwanza na wa tatu siku ya kwanza ya safari, hutaona kwamba wa kwanza amekosea. Wote wawili wana Nguvu 17, hivyo hupiga sawasawa. Wa kwanza ana uhai mwingi zaidi, na si mzito wa kuruka pembeni. Tofauti hudhihirika safari inapoendelea, na hasa wafikapo daraja la 6.

Katika daraja hilo paladini hupata kinga ambayo wachezaji huithamini kuliko mapigo yake yote. Kila rafiki aliye karibu naye, ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, huongezewa faida ya Haiba ya paladini kila anapojaribu kujinusuru na hatari: moto wa joka, sumu, hofu, laana. Faida hiyo haipungui 1 hata paladini akiwa na Haiba mbovu. Basi askari wa kwanza huwapa wenzake 1. Askari wa tatu huwapa 3.

Watu wanne wakiwa wamesimama pamoja, paladini akiwa mmojawapo, na wakipatwa na hatari kumi za namna hiyo katika safari, hayo ni majaribio 40 ya kujinusuru. Nyuso mbili zaidi katika dadu ya pande 20 ni sehemu moja ya kumi. Kwa wastani, mara nne katika hizo 40, mtu ambaye angeungua au kulaaniwa huokoka kwa sababu askari wa tatu ndiye aliyekuwa karibu naye.

Je, askari wa kwanza amepata nini badala ya hizo? Katika daraja la 6, kwa hesabu ya kawaida ya kitabu, paladini ana pointi 40 za uhai, na kila faida ya Ustahimilivu humwongezea 6. Askari wa kwanza ana 58, na wa tatu ana 52. Amejizidishia pointi 6 za uhai, pamoja na wepesi kiasi, na gharama yake imelipwa na wale walio nyuma yake. Tena miujiza ya paladini hupimwa kwa Haiba. Adui atakaye kuushinda muujiza wa askari wa kwanza hutakiwa kufikia 10 katika jaribio lake. Kwa askari wa tatu hutakiwa kufikia 14.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Kinga ile haifiki mbali. Paladini akimbiaye peke yake kumfuata adui, akawaacha wenzake hatua ishirini nyuma, amewaondolea ngao hata kama Haiba yake ni 20. Na aangukapo na kuzimia, kinga huzimika naye. Ndiyo maana askari wa tatu hakuipuuza nguzo ya Ustahimilivu, akalipa alama 7 kuifikisha 14. Kama angeiacha na 8, uhai wake katika daraja la 6 ungekuwa 34 badala ya 52, na huyo mwenye kuwakinga wengine angekuwa wa kwanza kulala chini.

MTAKA YOTE

Askari wa pili naye asidharauliwe. Hana hasara mahali popote, na katika mambo mengi hupungukiwa na askari wa tatu kwa uso mmoja tu wa dadu. Atasema kwamba uso mmoja ni kitu kidogo. Lakini uso huo hurudi kila apigapo upanga, kila afanyapo muujiza, na kila mwenzake mmoja anapojinusuru chini ya kinga yake. Alichokipata badala yake ni Akili na Wepesi wa mtu wa kadiri, katika kundi ambalo tayari lina msomi mwenye Akili kuliko yeye na mwizi mwenye Wepesi kuliko yeye. Ametoa alama zake kununua vitu ambavyo nyumba yake ilikuwa navyo. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alitaka kushika sita.

Askari wa tatu anajua udhaifu wake, na baadhi yake ameuwekea dawa. Deraya nzito kamili humpa mvaaji kinga ya 18 bila kujali Wepesi wake, ila inahitaji Nguvu isiyopungua 15, la sivyo mwendo hupungua. Kwa Nguvu yake ya 17 aivaa pasipo shida, mradi apate sarafu 1,500 za dhahabu za kuinunulia. Na aruke kukwepa moto, hasara yake ya 1 hufidiwa na Haiba yake ya 3, kwa kuwa kinga ile humlinda hata yeye mwenyewe.

Udhaifu mwingine hauna dawa ya deraya. Mwenye Akili 8 hatasoma maandishi ya kale ukutani wala kukumbuka ukoo wa mfalme. Mwenye Hekima 10 aweza kupitwa na nyayo za mviziaji. Hapo hana budi kugeuka na kumwuliza mwenzake. Mchezaji mwema wa paladini haoni haya kusema mezani kwamba mhusika wake hajui, na kwamba angependa kumsikia mganga au msomi wa kundi. Roland alikuwa na Oliver, asimtumie.

Yafaa pia kujua ni kazi gani zisizohitaji nguzo yoyote, ili alama zisipotee bure. Paladini wa siku hizi huponya kwa kuweka mikono, na akiba yake ya uponyaji ni pointi 5 mara daraja lake, awe na Haiba ya 8 au ya 20. Katika toleo la mwaka 2000 akiba hiyo ilihesabiwa kwa Haiba, na baadhi ya wachezaji wa zamani bado hudhani ndivyo ilivyo. Kosa jingine la kawaida ni kuridhika na nambari isiyogawanyika kwa mbili. Nguvu 17 na Nguvu 16 zina faida ile ile moja, hadi itakapopatikana alama ya kuifikisha 18. Afikapo daraja la 4, paladini aweza kuongeza alama 2, na wakati huo nambari ya 17 ndiyo huonyesha thamani yake.

KIAPO HAKINUNULIWI

Mchezaji akimaliza hesabu yote hiyo, bado hajampata paladini. Daraja la 3 humtaka atamke kiapo. Kitabu cha mwaka 2014 kilitoa viapo vitatu: cha uaminifu, cha wale wa kale walindao uhai na nuru, na cha kisasi juu ya waovu. Kitabu cha mwaka 2024 kikaongeza cha utukufu. Hakuna alama yoyote kati ya zile 27 inayonunua kiapo, na hakuna nguzo inayomsaidia mtu kukitimiza. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa mezani, mbele ya wenzake, kila msimulizi amwekapo mahali ambapo uongo mdogo ungemfaa.

Sheria ya sasa si kali kama ya mwaka 1978. Aliyeteleza kwa udhaifu aweza kutubu, kwa mfano kwa kukesha katika sala. Lakini avunjaye kiapo kwa makusudi asijute, msimulizi aweza kumwondoa katika upaladini. Wachezaji wengi waliokaa miaka mezani hukumbuka hukumu hizo kuliko mapigano. Mfungwa aliyejisalimisha, je, auawe kwa kuwa ni hatari kumwacha nyuma? Mkulima aliyeiba unga ashitakiwe? Amri ya mkuu asiye na haki ifuatwe? Mchezaji hujibu kwa kinywa cha mhusika, lakini jibu hulitafuta ndani yake mwenyewe.

HOFU YA WAZAZI

Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi na makanisa ya Marekani waliushutumu mchezo huu kwamba wafundisha watoto kuabudu mashetani. Shutuma hizo hazikuthibitishwa, ingawa toleo la pili la mwaka 1989 liliyaacha majina ya mashetani ili kutuliza mioyo. Ajabu ni kwamba wakati wote huo, katika kitabu kile kile, alikuwamo askari atoaye fungu la kumi na kupoteza cheo chake kwa tendo moja ovu.

Mzazi afanya vyema kuuliza wanawe wanacheza nini. Afanya vyema zaidi kuketi nao. Sehemu kubwa ya kanuni, pamoja na zile za paladini, hutolewa bure katika intaneti, na dadu ya pande 20 ikikosekana, karatasi ndogo 20 zenye nambari, zikichanganywa ndani ya kofia na kila moja kurudishwa baada ya kuchukuliwa, zafanya kazi ile ile. Kwa anayeanza, kitabu kina njia fupi isiyohitaji kununua: nambari sita zilizokwisha pangwa, 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ambazo ukizipigia hesabu ya bei utaona nazo zina thamani ya alama 27 kamili. Kwa paladini, 15 yafaa iwekwe katika Nguvu, 14 katika Haiba, 13 katika Ustahimilivu, 12 katika Hekima, 10 katika Wepesi na 8 katika Akili. Akiwa wa asili ya ukabaila, aongeze 1 katika Nguvu na 2 katika Haiba, zote mbili zifike 16.

Mtoto akisha kuziandika nambari hizo, aulizwe maswali mawili kabla dadu haijatupwa. La kwanza ni nani katika kundi atakayemsaidia pale alipoandika 8. La pili ni nani atakayesimama ndani ya zile mita 3 zake. Akiweza kuyajibu kwa majina, askari wake yu tayari kwa safari.